Siku ya Mia ya Mpwa Wako

Shaoxing, Zhejiang,
15 Mei, 1994.

Mpendwa mdogo wangu Guangyao,

Hujambo huko Sydney? Kile kikohozi kimekuacha, au bado unalala dirisha wazi? Sisi ni wazima, na safari hii nasema kweli.

Barua yangu ya Mwaka Mpya wetu, ule wa Februari, ilikudanganya. Nilikuandikia kwamba dada yetu Suzhen bado anasubiri kujifungua. Alikuwa amekwisha kujifungua, miezi miwili kabla ya wakati, kitoto cha kiume cha kuenea kiganjani. Mama alinikataza kukuambia. "Yuko mbali," alisema, "atafanya nini zaidi ya kukosa usingizi?" Unisamehe.

Siku hamsini na mbili mtoto alilala hospitalini ndani ya kisanduku cha kioo. Mwezi wake ukatimia bila kunyolewa, bila karamu. Majirani, waliozoea kugawiwa mayai mtoto akitimiza mwezi, wakauliza, "Mayai mekundu yako wapi?" Mama akawajibu, "Kuku wamegoma." Kisha akaingia jikoni, akajifungia.

Hata jina alikataa apewe. Aliogopa kumzoea.

Basi Alhamisi iliyopita mtoto alitimiza siku mia, yuko nyumbani, ananyonya vizuri. Mama alichemsha mayai mia mbili, akayatia rangi mwenyewe, mikono ikawa kama ya mchinjaji. Mzee Bao kinyozi akaja na wembe wake. Kumshika mtoto ni kazi ya mjomba. Kwa kuwa hukuwepo, niliifanya mimi.

Tangu azaliwe, kilio chake kilikuwa kama cha mtoto wa paka. Wembe ulipomgusa kichwani, alipiga ukelele hadi bata wa jirani wakaitikia!

Mzee Bao akashtuka. "Nimemkata?"

"Nyoa tu!" Mama alisema, machozi yakimtiririka. "Mwache alie! Alie!"

Suzhen akacheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu majira ya baridi.

Tumemwita Yongkang. Ana kilo tano na nusu, na miguu ya kurusha mateke kama yako.

Tulikutengea yai lako mezani. Jana Mama alilimenya, akalila lote. "Nimemlia Guangyao," akasema, akipangusa mdomo. "Mwambie lilikuwa tamu."

Suzhen na mumewe Heming wanakusalimu sana. Nisalimie wifi yangu Peiwen. Mbingu ziwape afya, nanyi mlale usingizi mnono.

Mimi dada yako, nikupendaye daima,
Qiaoyun