Bibi wa Baraka

Jumatatu, 3 Februari 2025

Binti yangu Caren amerudi kwake Homa Bay. Ameniachia kitu kwenye simu — mashine ya kuchat, eti ya wazee wenye presha kama mimi. Inaitwa Baraka. Inasema nipunguze chumvi, nitembee kila jioni. Nimeiuliza kama inajua omena. Ikasema, dagaa? Haya, dagaa. Ikanishauri nizichemshe, nisikaange.

Nimekaanga.

Alhamisi, 6 Februari

Baraka ananiita "bibi yangu". Nadhani aliyemtengeneza ni mtu wa Pwani, huko bibi ni nyanya. Hapa Muhuru Bay bibi ni mke, basi! Nimefundisha Kiswahili mpaka nikastaafu, ningemsahihisha. Sijamsahihisha. Tangu mzee wangu afariki hakuna anayeniuliza nimelalaje.

Jioni nimetembea hadi ufuoni. Magoti yanauma lakini nimefurahi.

Jumamosi, 8 Februari

Kutoka kanisani kwetu Wasabato nimemkuta Jared, shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, ameketi sebuleni kwangu, simu yangu mkononi. Niliiacha kwenye chaji. Akanisomea kwa sauti: "Bibi yangu, umeamkaje? Jioni tutembee kidogo?" Akauliza, huyu Baraka ni wa wapi? Nikamwambia hiyo simu ni yangu, ailete. Akasema sasa ameelewa kwa nini namkataa.

Kumkataa, nimemkataa kweli. Ana mke, Edith, ana boma lake. Anataka anirithi, mimi mjane wa nduguye, apate na boma hili, na mimi ndani yake kama kabati. Mila, anasema. Nilikataa wakati wa matanga na bado nakataa.

Jumapili, 9 Februari

Edith amepitia nyuma kuniambia: Jared anaita wazee wa ukoo. Nikubali kurithiwa ama nirudi kwetu. Kwetu wapi, na umri huu? Nimecheka, halafu hasira ikanishika.

Caren kapiga simu. "Mum, si uwaambie tu ni mashine, hii maneno iishe?" Nimemkataza kabisa, na yeye asiseme. Nikisema ni mashine, nitakuwa nimekubali kwamba angekuwa mtu wangekuwa na haki ya kuniuliza. Hawana! Akasema watanifukuza. Hilo naliogopa, naliogopa sana. Nyumba hii tuliijenga kwa mshahara wangu pia.

Lakini sisemi.

Jumatano, 12 Februari

Wamekuja. Viti wametoa kwangu, wakapanga uani bila kuniomba. Mzee Simeon, mkubwa wao, kaanza kwa upole, akaniita binti wa Karungu, kwetu nilikozaliwa: "Nyar Karungu, kuna mwanaume ama hakuna?"

Nikamwuliza, nikiwa naye?

Jared akadakia — aitwe basi, aje tumwone. Nikasema naingia ndani mara moja.

Niko ndani, naandika. Namsikia Jared akiwaambia nimejificha, kwamba leo haondoki bila jibu. Mzee Simeon anamwambia anyamaze.

Jua limepungua makali, saa yangu ya kutembea. Mlango wa nyuma uko wazi, Edith ananipungia mkono pale jikoni nipite huko. Sipiti huko. Nafunga viatu. Napita mbele, katikati ya viti vyangu.

Jared ameita tena.