Plagi ya Nne

Makambako, 3 Aprili 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mvua za Kinyala hazijakuongezea kikohozi, na goti la mama limetulia. Mimi ni mzima, ila usingizi siupati kwa ajili ya mke wangu Prisca, aliye huko nyumbani kwenu. Daktari alikwisha kusema mtoto huyu azaliwe hospitalini Tukuyu, kwa kuwa wa kwanza alitoka kwa upasuaji, na gari la kumfikisha ni pikapu yetu tu, maana basi halifiki kijijini.

Ikiwa injini inakohoa mlimani, kama ulivyosema mara ya mwisho kwenye simu, basi plagi zimechoka. Gari limetembea mno, nami sijazibadilisha tangu mwaka juzi. Kwa kuwa mnara wa simu huko umepigwa na radi, kondakta wa basi atakutumia plagi nne mpya pamoja na barua hii. Injini ipoe kwanza. Toa moja, funga moja, nyaya zisichanganyike. Plagi ikigoma kutoka, usiilazimishe, imwagie mafuta, uiache ilainike. Maandishi yangu ni madogo, Prisca akusomee.

Mwanao,
Erasto

Kinyala, 7 Aprili 2024

Mwanangu Erasto,

Marahaba. Tu wazima kwa rehema za Mungu. Goti la mama yako linakusalimu kwa kelele.

Umeagiza mkeo anisomee, ukasahau desturi yetu: mke wa mwana haonani na baba mkwe, wala hasemi naye. Basi alisoma akiwa jikoni, mama yako akayabeba maneno hadi uani, nami nimeinama kwenye injini. Plagi tatu zilikwenda salama. Ya nne ikagoma.

"Mama Erasto, muulize, imegoma!"

"Ngoja basi, mimi si pikipiki!"

Alipochechemea kurudi akasema, "Anasema usiilazimishe."

"Umechelewa, mama."

Kigae cheupe cha plagi kilikuwa mkononi mwangu. Chuma kimebaki ndani. Gari linawaka kwa silinda tatu, mlima haliupandi. Fundi wetu yuko msibani Kyela. Mkeo nimemsikia akilia jikoni, na sina ruhusa hata ya kumwambia pole.

Baba yako

Makambako, 9 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Mpe mama pole zangu, asilaumiwe.

Chuma hicho bado kinatoka kwa spana ileile. Lakini mtu anayejua lazima asimame kando yako: geuza kidogo kushoto, rudi kulia, mafuta, subiri. Prisca amenishikia taa kila nilipofanya kazi hiyo. Anaitambua sauti ya chuma kinachotaka kukatika.

Na gari likipona, atapanda wapi? Mara ya mwisho alikaa nyuma chini ya turubai, ili msionane. Kwa hali aliyo nayo sasa? Siombi uwadharau wazee, baba. Naogopa tu. Uchungu unaweza kuanza kabla hujaifungua barua hii.

Mwanao,
Erasto

Kinyala, 11 Aprili 2024

Mwanangu Erasto,

Marahaba. Bado hajashikwa na uchungu, lakini tangu alfajiri mgongo unamsumbua. Ukoo umekwisha kukusanyika uani. Haya ndiyo nitakayowasomea sasa hivi. Nakala hii anapelekewa kondakta barabarani.

"Kaka Ambindwile, mkubwa wa ukoo wetu, Mchungaji Yohane, wadogo zangu na mashemeji, akina mama mlioketi upande wa jikoni, nawe Prisca uliye nyuma ya ukuta, ambaye leo nakutaja kwa jina: poleni kwa mvua, na ndaga, asanteni, kwa kuja.

"Heshima ya mkwe niliipokea kwa baba yangu, nami nimeitunza. Prisca ameitunza kunizidi. Lakini juzi neno la kunizuia lilipita kwanza kwenye goti la mke wangu, likachelewa. Nimejiuliza: nikiwa kwenye usukani, naye nyuma chini ya turubai, akiniita katika mvua hii, nani atalibeba neno lake? Sikubali lichelewe tena.

"Najua mwiko huu hauondolewi kwa maneno matupu, bali kwa mfugo anaopewa mke wa mwana. Ndama wangu jike, yule wa kahawia, kuanzia leo ni wa Prisca.

"Uamuzi wangu ni huo, kuutekeleza ni juu yenu. Kaka, mpokelee Prisca ndama, uwe shahidi kwa niaba ya wazee. Vijana, liinueni turubai juu ya boneti. Mchungaji, tuombee, kwa ufupi. Chuma kikitoka, Prisca atakaa mbele, kando yangu. Nanyi akina mama, fungueni mlango wa jikoni. Spana ninayo mkononi. Mleteni."

Baba yenu