Bunga Ilikuwa Inaimba

Kahindo, mujukuu wangu, mutoto wa binti yangu,

Ninasema, katekista anaandika. Nimemukataza kunyoosha maneno yangu. Sikukanyaga masomo, na Butembo yote inajua.

Unakumbuka ile siku ya soko, Musienene? Mvua ilitulowanishia bunga ya mihogo njiani, nikaitandaza juu ya bashi, ile turubai, ikauke. Mawingu ilikuwa inapita polepole, jua linafungwa, linafunguliwa. Weye, mudogo hivi, ukalala chini, sikio ndani ya bunga, macho umefunga kama mutu anaota.

"Koko, inaimba."

Bamama ba soko bakacheka. "Leo anasema na bunga, kesho atasema na viazi!" Nikaona haya. Nikakuvuta ile sikio nyeupe mbele yao, nikakuita muongo. Hukulia. Lakini tangu pale, kitu ulisikia, hukuniambia tena.

Hata ulipoenda Kinshasa kusomea mambo ya mwangaza, nilisikia kwa mama yako. Kisha, mwezi uliopita, simu. "Koko, hapana uongo. Bunga inaimba kweli." Ukanieleza taratibu: unaiweka kavu mu kisanduku kidogo, unafunga, hewa kidogo inabaki juu yake. Mwangaza inaingia kwa vipande, inapiga, inaacha, inapiga. Bunga inaimeza, inapata joto, inapoa, inapata joto tena. Ile hewa inasukumwa-sukumwa, na mikrofoni inasikia. Kila bunga na rangi inayopenda kumeza, basi kwa sauti yake inajulikana. Nyeupe inanong'ona tu. Masizi njo inapiga kelele kupita zote.

"Kama weye, Koko," ukasema. Tukacheka mpaka nikakohoa.

Na kisha nikakujibu nini? "Umekula?" Basi. Neno lenyewe nikalimeza. Mimi, mwenye kugombeza hata padri, nikaogopa mutoto.

Juzi nilirudi Musienene. Nikatandaza bunga. Mawingu ikapita vilevile, jua linafungwa, linafunguliwa. Nikalala chini, magoti inalia, nikaweka sikio.

"Koko, umeanguka?" mutoto mumoja wa soko akauliza.

"Nyamaza. Ninasikiliza."

Sikusikia kitu, Kahindo. Labda damu yangu tu, mbali, kama mutu anatwanga ku kilima cha pili. Lakini nilikaa pale, na ile joto ya bunga shavuni, nikakuona uko kando yangu, mudogo hivi. Sikutaka kuamka.

Nikaamka. Bamama banacheka. Ni balebale, leo bana mvi. Nikabaambia, sauti juu: "Mujukuu wangu alisema ukweli hapa, mimi nikamuvuta sikio. Muongo ni mimi."

Hakuna aliyecheka tena. Sikio sikupanguza. Nilirudi nayo nyeupe mpaka nyumbani.

Unisamehe. Na ukija, uniambie kila kitu unasikia, hata kama ni kijinga.

Kula vizuri, ulale vizuri.

Mimi koko yako,
ile masizi.