Nani Atazima Taa za Avenue Yetu?

Beni, mtaa wa Beu. Ijumaa, jioni. Mvua imekatika, matope yamebaki.

Ninadai hivi, na nitalitetea dai langu mbele ya yeyote: kanuni inayomwelekeza mkandarasi jinsi taa ya barabarani itakavyowaka, lakini isiyosema ni nani mwenye haki ya kuizima, haijakamilika, hata iwe na vifungu vingi na muhuri mzito kiasi gani.

Nimeliandika dai hilo kwa uhakika zaidi kuliko ninavyouhisi. Tangu mchana kichwa changu kimevurugika, nami si mtu wa kuvurugika kwa urahisi.

Juma lililopita, nikiwa kwetu Butembo, nilizisifu kanuni hizi hizi katika blogu hii. Zimetoka kwa kamati ya taa ya hapa Beni, nazo zinawaongoza wakandarasi wanaoondoa taa za zamani, zile zenye mwanga wa rangi ya chungwa, na kuweka za LED. Nilisifu hasa kifungu kimoja: kila taa mpya iwe na kijicho chake kinachohisi giza, ijiwashe na kujizima yenyewe, na swichi zote zilizofungwa ndani ya nyumba za watu zing'olewe. Mantiki yake niliiona wazi. Haifai avenue nzima ibaki gizani kwa sababu tu mwenye duka lenye swichi amefunga mapema. Nuru ya umma isiwe mali ya mtu mmoja, niliandika. Sentensi hiyo bado naipenda.

Leo niliikuta sebuleni mwa mama mdogo, na haikujua pa kukaa.

Mama mdogo Masika ni mdogo wake mama yangu, ambaye yeye humwita yaya, dada mkubwa; ndiye ninayekaa kwake nikiwa Beni. Marehemu mumewe alikuwa chefu wa avenue, yaani kiongozi wa barabara hii, ndiyo maana swichi ya taa zote za avenue iko ukutani mwake, kando ya picha ya Bikira Maria. Tangu mumewe afariki, yeye ndiye huwasha magharibi na kuzima asubuhi. Na masufuria yakianza kupigwa kutoka upande wa mashamba, ishara kwamba waasi wameonekana, yeye huzima papo hapo ili watu wakimbie au wajifiche bila kuonekana. Hakuna aliyeuandika utaratibu huo popote. Hakuna mkaaji wa avenue asiyeujua.

Baada ya chakula cha mchana alifika injinia Paluku, wa kampuni iliyopewa kazi, pamoja na mafundi wake. Nguzo zetu zote zilikuwa zimekwisha kuvikwa taa mpya. Ilibaki swichi hiyo. Asipoing'oa, kazi yake haipokelewi na taa haziunganishwi na umeme. Mama mdogo alivuta kiti, akakiweka chini ya swichi, akakaa, akaendelea kuchambua maharagwe yake.

"Mama, tunalomba ruhusa," injinia akasema. "Tutoshe hii kitu mu ukuta, ni dakika kidogo tu."

"Mutatosha miye kwanza."

Injinia akaniomba nimsomee mama mdogo kifungu, kwa kuwa aliambiwa nimesoma. Nilisoma kwa sauti nzuri, nikafafanua na nia ya kifungu. Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa ndani ya ungo.

"Unasoma muzuri, mutoto wa yaya. Sasa, ile kijicho inasikiaka masufuria?"

"Mama," injinia akaingilia, "hii kifungu haizungumuzi vita. Inazungumuza taa."

"Mais siye tunaikala mu vita na mu taa, byote pamoja."

Majirani waliojaa mlangoni wakacheka. Nikadhani ubishi umekwisha, na moyoni nilikuwa nimeanza kuhamia upande wake, nikitafuta hoja za kuupamba ushindi wake. Ndipo Papa Kambale, jirani wa mkabala, aliposema, naye hakucheka:

"Masika, ile siku ulizima, binti yangu alipotea mu giza mpaka asubui. Kama uliacha taa, tungemuona."

"Na bale nabo bangemuona."

Binti huyo yupo, mzima wa afya. Alipatikana kulipokucha, amelala ndani ya mfereji nyuma ya kanisa.

Giza lilimpoteza, au lilimficha?

"Monsieur le licencié," Papa Kambale akanigeukia, "weye njo ulisoma. Basi tukatie hii maneno."

Nimebishana na maprofesa. Nimebishana na mapadre, na mara moja na mwanajeshi aliyekuwa ananijibu kwa Kilingala. Leo nilianza kuzipima pande zote mbili. Nikisema swichi ibaki, ninaweka uhai wa avenue nzima katika vidole vya mama mmoja, ambaye siku moja anaweza kuwa sokoni au kuwa mgonjwa masufuria yakilia. Nikisema ing'olewe, ninawaweka jirani zangu wote chini ya mwanga ambao hakuna anayeweza kuuzima. Kila upande niliousimamia ulinionyesha mtu aliyesahauliwa na upande huo.

Injinia alitupa mpaka kesho adhuhuri. Swichi ikiwa bado ukutani, atazishusha taa na kuzipeleka avenue nyingine inayozitaka. Simlaumu. Amepewa kanuni, na kanuni haimruhusu kufikiri.

Magharibi nilitembea mpaka avenue ya jirani, ambako taa tayari zinafanya kazi. Zilijiwasha zote pamoja, nyeupe, bila mtu kuzigusa. Mama mmoja muuza makayabu aliinua kipande cha samaki wake, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akacheka peke yake. Nikasimama chini ya nguzo. Niliona mistari ya viganja vyangu na kila tone la matope kwenye viatu. Kisha nikatazama upande wa mashamba, nisione kitu. Kadiri nilivyoonekana mimi, ndivyo yote yaliyokuwa nje ya duara la mwanga yalivyozidi kunifichikia.

Hata hivyo nilitamani kubaki pale. Hilo nalo nashindwa kulieleza.

Mama mdogo alinifuata, kanga kichwani. Aliitazama taa muda mrefu, uso wake ukang'aa kama wa msichana.

"Ni muzuri," akasema. "Ni muzuri sana, kweli. Tungekuwa na hii, batu bangeuzisha mpaka saa mbili." Akainyooshea nguzo kidole. "Donc, inazimikaka namna gani?"

Kanuni haina jibu la hilo. Kwa hiyo ninyi wa kamati mlioandika kanuni hizi, ninawauliza hapa mbele ya wasomaji wangu wote, wala sitapokea jibu la kunong'onezwa ofisini. Masufuria yakilia, taa izimwe au isizimwe? Na kama izimwe, ni nani, na kwa mkono upi? Jibuni hapa chini ya andiko hili, kwa majina yenu, kabla ya adhuhuri ya kesho. Nimeahidi kulisoma jibu lenu kwa sauti, kifungu kwa kifungu, mbele ya Papa Kambale na binti yake, na mbele ya mama mdogo, ambaye hajakiondoa kiti chake chini ya swichi.