Krimu ya Jumapili

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa Ushetu. Sisi wazima. Mama yako anavuna mpunga, na goti langu limetulia.

Umeona mikunjo kando ya macho, sasa unauliza ununue krimu ya bei rahisi au ile ya ghali. Ujanani mwangu, tulipouza tumbaku, babu yako aliniletea krimu ya ghali kutoka Kahama. Niliifungia sandukuni nikawa najipaka Jumapili tu, kiasi cha punje ya mtama. Jirani yangu Mama Nkwimba alijipaka mafuta ya mgando kila siku, uso mpaka visigino, na shambani hakwenda bila kofia pana.

Siku moja, nje ya kanisa, kijana mmoja alimsalimia, "Habari, dada." Akanigeukia mimi: "Shikamoo, mama." Na Mama Nkwimba alinizidi miaka saba. Sikuitika. Krimu yenyewe iliharibika ikiwa nusu.

Nunua ile utakayojipaka bila kuibania. Ila usihangaike sana, mjukuu wangu. Siku hizi kijiji kizima kinaniamkia, nami huitika kabla hawajamaliza.

Bibi yako,
Minza