Pembetatu isiyo na A

Alhamisi. Joto. Upepo wa ziwa umekataa kuja tangu asubuhi, na milima ya Uvira imejificha mu moshi wa mashamba yanayochomwa. Nimekaa nyuma ya karakana ya maseremala na hii kaye, daftari langu la siri. Naandika, nasimama, nazunguka, narudi tena. Mwili hautulii.

Jumamosi Padri, mwalimu wetu wa hesabu, anataka jibu. Nibaki mu darasa la hesabu kubwa, algebra na jiometri, jina langu litumwe Bukavu ku koleji. Ao niache, niende na wenzangu wanaosomea ualimu. Mu lile darasa tumebaki sita tu. Zakaria aliacha mwezi jana. Sasa anacheza mpira kila jioni, anakula bugali mpaka anaramba sahani, na akilala ni kama mtoto mchanga. Juzi ameniambia, "Weye, acha kujitesa. Mwalimu naye iko muntu." Kweli. Na ubaya ni kwamba ualimu naupenda.

Ingekuwa ni kupenda tu, ningekuwa nimeacha zamani.

Acha niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma. Hesabu sizielewi. Sikuzielewa hata siku moja. Mwaka jana nilipata alama nzuri, baba akatangaza kijijini kwetu, Runingu nzima, mama akachinja kuku, na alama zote hizo nilizipata kwa kukariri. Baba yangu ni katekista. Nilisikia maswali na majibu ya katekisimu kabla sijaota meno, na hesabu nimezimeza vilevile: swali, jibu, amina.

Basi Jumatatu Padri akaniita ku tablo, ubaoni mbele ya darasa. Pembe tatu za pembetatu zinafanya jumla gani, na kwa nini? Hiyo naijua kuliko Salamu Maria. Nikaanza kwa sauti kubwa: kupitia A tunachora mstari sambamba na BC. Nikageuka nichore. Padri alikuwa ameandika M, N, P. Na pembetatu yenyewe aliigeuza kichwa chini.

Sikuona A popote.

Haki ya Mungu, niliitafuta ile A ku tablo kama mtu aliyepoteza mbuzi. Wenzangu walicheka mpaka wakagonga meza. Padri aliuliza kama ninaumwa. Nikasema ndiyo, homa. Akanituma ku dispensari, nikanywa kwinini ya bure mpaka masikio yakalia. Nilistahili.

Lakini kinachoninyima raha si kwinini. Ni Jumapili, siku moja kabla yake.

Nilikuwa nyumbani Runingu. Padri huyohuyo alikuja na pikipiki kuwapima watu ambao baba anawatayarisha kwa ubatizo. Baba huwafundisha kwa wimbo, swali la kwanza mpaka la mwisho, na makofi juu yake. Padri akaanzia katikati: Mungu alikuumba kwa nini? Vijana wanne, wenye sauti nzuri kuliko wote, wakatafuta pa kuingilia wimbo, wasipaone. Mmoja akaomba aanzishiwe wimbo tangu mwanzo! Aliyejibu ni Bibi Kabura, jirani yetu, ambaye ameanguka mtihani huo mara mbili juu wimbo haumkai kichwani.

"Padri, minye maneno ya kitabu sina. Aliniumba juu alinitaka. Hata nyungu yangu niliifinyanga juu naitaka."

Akapita. Vijana wakaanguka.

Baba akasimama mbele ya watu wote. Nilijua atawakaripia. Akasema, "Padri, kosa iko yangu. Niliwapa wimbo tu. Unipe muda nianze upya." Baba yangu, anayeogopwa na nusu ya kijiji! Nilimwonea haya sana. Safari nzima ya kurudi Uvira, juu ya kamyo, lori la kubeba pamba, nilikuwa namkasirikia kwa kujishusha hivyo.

Kesho yake mimi nikasema homa.

Nikiacha hesabu Jumamosi, hakuna atakayejua kitu. Padri atasema kijana aliugua. Baba atasema ni mapenzi ya Mungu. Nitakuwa mwalimu, na watoto watakaa mbele yangu wakiimba. Hilo ndilo linanitoa jasho leo, kuliko hata joto hili. Na nikibaki kimya, nitakariri M, N, P, halafu huko Bukavu watanitolea herufi zingine. Ole wangu.

Leo nimechora pembetatu chini, mu mavumbi, kwa kijiti. Kaye nimeifunga. Nimejiuliza ule mstari sambamba unatafuta nini pale. Nimekaa muda mrefu, jasho mpaka ku macho. Nimeona pembe moja ikihamia juu, upande wa pili. Moja tu. Nyingine sijaiona, na sasa kengele ya chakula inalia.

Kubaki ao kuacha, bado sijui. Lakini kesho, kabla moyo haujageuka, nitabisha mlango wa Padri nimwambie sikuwa na homa. Anaweza kunifukuza palepale. Ao ataniuliza nilianza kupotea wapi.

Nitamjibu: Padri, tangu A.