Tibari Ametoka

Derb Ghallef,
Casablanca,
9 Machi 1974.

Mpendwa binamu Miloud,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Baridi ya Lille inakuendeaje? Kifua kimetulia? Sisi tunapumua, alhamdulillahi. Mama goti linamsumbua, lakini mkate bado anakanda mwenyewe.

Najua unangoja habari za mdogo wangu Tibari. Ametoka jela. Sikukuandikia mapema kwa kuwa kila nikianza, nalia.

Ulisikia alikamatwa, hukusikia kwa nini. Kikundi chao cha maigizo kilikuwa na mchezo wa mfungwa aliyefunguliwa mlango wa seli, akaambiwa achague mwenyewe: atoke au abaki. Wakaguzi wa serikali waliuruhusu kwa sharti moja, mfungwa abaki na kumshukuru bwana jela. Mfungwa alikuwa Tibari. Jioni ya onyesho alikaa kimya mlangoni, mpaka mtu mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Toka basi, bwana, tumelipa kiingilio!"

Watu wakacheka. Tibari akasimama, akatoka, akashuka jukwaani hadi kwa baba, ambaye hakuwa amewahi kumwona akiigiza kabla ya siku ile.

"Mzee, mlango uko wazi. Wewe unangoja nini?"

Baba akajibu taratibu, "Nangoja urudi nyumbani, mwanangu."

Watu wa usalama walimchukua Tibari pale nje ya ukumbi, hata nguo za mfungwa hajazivua.

Sasa yuko nasi, Miloud, lakini siye. Juzi mama alimuuliza, "Chai au maziwa?" Akamtazama kama mtu aliyetegewa mtego. Mama akarudia. Akasema, "Mnavyotaka nyinyi." Shati la kuvaa ni hivyo hivyo, na mahali pa kulala. Yule aliyekuwa akitukera mezani kwamba binadamu ni kile anachochagua, na asiyechagua naye kachagua! Wenzake walipokuja kumwona, alisimama wima ukutani mpaka wakaondoka.

Baba ndiye anayemvua viatu jioni. Halii mbele yetu. Jana tu aliniambia, "Ningesimama nikatoka naye, Zhor. Wangetuchukua wote wawili, asingekuwa peke yake mle."

Msalimie mkeo Fettouma, na umbusu Hajiba mdogo. Mola akulinde huko ugenini na akufungulie njia ya kuja. Tibari hakuulizii, hamuulizii mtu. Lakini nilipolitaja jina lako, aliinua kichwa.

Njoo, Miloud.

Dada yako akupendaye,
Zhor